Tamthilia za Mtumwa wa Karthago na Ilimu ya Maneno Magumu

Kwa muda wa zaidi ya miaka elfu na mia tano, mtoto wa Ulaya aliyetiwa chuoni ili ajue Kilatini fasaha hakuweza kwenda mbali katika masomo yake bila ya kukutana na tamthilia sita za kuchekesha, ambazo ndani yake vijana waliopotewa na akili kwa mapenzi huwahadaa baba zao, watumwa wajanja hubuni hila juu ya hila, na mabibi wa nyumba za starehe huuza na kununua nyoyo za watu. Na mtungaji wa tamthilia hizo hakuwa Mrumi wa nasaba, bali mtu aliyezaliwa Karthago, katika pwani ya nchi ambayo siku hizi huitwa Tunisia, akafika Roma hali ya kuwa mtumwa. Jina lake ni Publius Terentius Afer. Jina la kati alilipata kwa bwana wake, mjumbe wa baraza la seneti aitwaye Terentius Lucanus, ambaye alipouona uzuri wa akili ya kijana huyo alimsomesha kisha akamwacha huru. Na hilo la mwisho ni kusema mtu wa Afrika, kwa kadiri Warumi walivyoijua Afrika wakati ule, yaani Karthago na jirani zake.

Tamthilia yake ya kwanza, Andria, ilichezwa mwaka 166 kabla ya Masihi, na ya mwisho, Adelphoe, mwaka 160. Na mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kufariki, baada ya kusafiri kwenda Uyunani, ilhali umri wake ungali wa ujana. Bahati yake ilikuwa ya kupanda na kushuka. Tamthilia moja, Hecyra, ilivunjika mara mbili mbele ya macho yake, kwa kuwa mara ya kwanza watazamaji walisikia habari ya mabondia na mchezaji wa kamba, na mara ya pili uvumi wa watu wa kupigana kwa silaha, wakayaacha maneno mazuri yakisemwa, wao wakakimbilia tamasha. Nyingine, Eunuchus, ilipendwa hata ikampatia sesterti 8,000, ujira ambao haukuwa umepata kulipwa kwa tamthilia ya kuchekesha. Lakini jambo lililomsumbua kuliko ghasia za watazamaji ni husuda ya watungaji wenziwe, walionong'ona kwamba Kilatini safi kama kile hakiwezi kutoka katika kinywa cha mtumwa wa Karthago, na kwamba bila shaka waungwana aliosuhubiana nao, Scipio na Laelius, ndio waliomtungia. Naye katika dibaji ya Adelphoe hakulikubali neno hilo wala hakulikana waziwazi. Alisema tu kwamba wanachokidhani kuwa tusi, yeye anakihesabu kuwa sifa kubwa. Hiyo ni jawabu ya mtu mwenye adabu na mwenye hila kwa pamoja, na ningesema kwamba imefanana sana na watumwa wa tamthilia zake.

Tuhuma hizo za mahasidi zilikuwa, bila ya wao kukusudia, ndiyo shahada ya kwanza ya walimu. Maana kilichowafanya wadai kwamba Terentius hakuandika mwenyewe, yaani usafi wa lugha, ndicho kilichowafanya walimu wa vizazi vilivyofuata wamchague yeye na wamwache Plautus aliyemtangulia. Plautus alikuwa na maneno ya ajabu, mengine ameyaunda papo hapo ili kuchekesha, mengine yamekwisha kuchakaa. Terentius alikuwa na mazungumzo ya nyumba za watu waliolelewa. Julius Caesar mwenyewe, ambaye pamoja na vita vyake alikuwa mjuzi wa nahau, aliandika beti za kumpima Terentius, akamwona kuwa ni nusu tu ya Menander, yule Myunani aliyekuwa akimfuata, lakini akamtolea shahada kwamba ni mpenzi wa lugha iliyotakata. Mizani ya beti zake nayo ilikuwa nyepesi, ikikaribia usemi wa kawaida, hata zama za kati wanakili wengi waliziandika tamthilia zake mfululizo, kana kwamba hazikuwa shairi kabisa.

Yatupasa kufahamu kwamba maneno hayo hayakuwa magumu yalipotamkwa mara ya kwanza. Mfanyabiashara wa samaki aliyeketi katika mchezo wa mwaka 161 aliyafahamu bila ya mwalimu. Ugumu uliingia polepole, kadiri Kilatini cha sokoni kilivyozidi kuachana na Kilatini cha vitabuni, na katika karne ya nne baada ya Masihi ulikuwa umekwisha kuwa kazi ya kumpa mtu riziki. Ndipo alipotokea Aelius Donatus, mwalimu wa Roma, ambaye mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Jerome, mfasiri wa Biblia; huyu aliandika sherehe ya tamthilia za Terentius, akilifuata neno baada ya neno, na sehemu kubwa ya sherehe hiyo tungali nayo. Uzuri wa Donatus ni kwamba hakutosheka na kusema kuwa neno hili ni sawa na neno lile. Mara nyingi humweleza msomaji kwamba maneno haya husemwa kwa hasira, haya kwa kejeli, haya kwa uso uliokunjwa, haya kwa ishara ya mkono. Kwa hiyo aliyejifunza kwake alilipata neno pamoja na sauti yake na hali ya mwenye kulisema. Sikumwona mwalimu wa baadaye aliyemzidi kwa hilo, ingawa waliomzidi kwa wingi wa maelezo ni wengi. Mwaka 395 mwalimu mwingine, Arusianus Messius, alikwisha kuifupisha kazi ya namna hiyo: alikusanya mifano ya usemi kutoka kwa watu wanne tu, Virgil, Sallust, Cicero na Terentius, akaipanga kwa herufi, kila kipande kimeng'olewa mahali pake na kuwekwa peke yake. Njia hizo mbili, ya Donatus na ya Arusianus, zitaonekana tena na tena katika tarihi hii.

Katika karne hiyohiyo ya nne, katika mji wa Thagaste ambao sasa uko Algeria, mtoto mwingine wa Afrika alikuwa akiyahifadhi maneno ya Terentius kwa ghaibu. Huyu ni Augustine, aliyezaliwa mwaka 354, na ambaye alipokuwa askofu wa Hippo aliandika kitabu cha kuungama maisha yake kilichobaki mashuhuri hata leo. Humo analileta shtaka dhidi ya chuo alichosomea, na shtaka lenyewe lahusu maneno magumu hasa. Anakumbuka mahali katika Eunuchus ambapo kijana mmoja muovu, aliyekwisha kujigeuza towashi ili apate kuingia kwa msichana, anatazama picha ya Jupiter akimshukia Danae kwa sura ya mvua ya dhahabu, naye anaifanya picha ile kuwa hoja ya uovu wake: ikiwa mungu alitenda, mimi ni nani nisitende? Augustine anauliza kama kweli wanafunzi wasingaliweza kujua maneno kama mvua ya dhahabu, na mapaja, na hadaa, na mahekalu ya mbinguni, isipokuwa kwa kuletewa kijana yule. Kisha anajibu mwenyewe kwamba maneno hayafahamiki kwa wepesi zaidi kwa sababu ya ufuska ule, bali ufuska ule hutendwa kwa ujasiri zaidi kwa sababu ya maneno.

Ni hoja nzito, na wengi wamekubaliana nayo. Lakini msomaji asiyekuwa na haraka hakosi kuona jambo moja. Augustine alipoandika hayo, karibu na mwaka 397, alikuwa mtu wa umri wa miaka zaidi ya 40, ameyaacha mambo ya dunia, ameshughulika na waumini na mijadala na safari. Na bado maneno yale aliyosomeshwa akiwa mtoto yamekaa katika moyo wake kwa utaratibu wake, pamoja na picha iliyoyazunguka na kijana aliyeyatamka. Nionavyo mimi, hapana ushahidi bora wa nguvu ya tamthilia katika kufundisha maneno kuliko lawama hii ya mtu aliyetaka kuisahau asiweze.

Tangu hapo mashaka ya walimu hayakuisha: waliyapenda maneno, wakawaogopa waliokuwa wakiyasema. Katika karne ya 10, huko Saxony, mtawa wa kike wa nyumba ya Gandersheim aitwaye Hrotsvit aliwaona Wakristo wenziwe wakimsoma Terentius kwa ajili ya utamu wa lugha, na hali wanachafuliwa na habari zake. Akatunga tamthilia sita zake mwenyewe, idadi ileile, ambazo ndani yake mabikira watakatifu wamechukua mahali pa wanawake wa starehe. Kazi hiyo ni nzuri na ya kushangaza, lakini haikumwondoa Terentius katika vyuo. Hati zake za mkono ziliendelea kunakiliwa, nyingine zikiwa na picha za wachezaji waliovaa sura za bandia, na kwa kuwa hapana mtu aliyekuwa amepata kuuona mchezo wenyewe, wanazuoni wakafikiri kwamba zamani mtu mmoja tu, Calliopius, ambaye jina lake lilionekana mwishoni mwa nakala, alikuwa akisoma kwa sauti, na wengine wakiigiza kimya kwa viungo vyao.

Matbaa zilipoenea, mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1483 huko Oxford kilipigwa chapa kijitabu cha misemo iliyotolewa katika Terentius na kufasiriwa kwa Kiingereza, ambacho hunasibishwa na John Anwykyll, mwalimu wa chuo cha Magdalen. Mwaka 1511 Erasmus, mwanachuoni mkubwa wa Rotterdam, alipoandika juu ya njia ya kusoma, alimtaja Terentius kuwa wa kwanza miongoni mwa waandishi wa Kilatini wafaao kumfunza mtoto kusema. Kisha mwaka 1533 Nicholas Udall, aliyekuwa karibu kushika ukuu wa shule ya Eton, na ambaye baadaye alitunga tamthilia ya Kiingereza ya kuchekesha, Ralph Roister Doister, alitoa kitabu chake cha maua ya kusema Kilatini, alichokichuma katika tamthilia tatu za Terentius. Yeye alizifuata onyesho kwa onyesho, akitoa msemo wa Kilatini na kando yake Kiingereza cha nyumbani, cha watu wanaogombana na kubembelezana, kisha palipokuwa na neno gumu akasimama kulieleza: asili yake, nahau yake, na hekaya ya miungu iliyojificha ndani yake. Kitabu hicho kiliendelea kupigwa chapa hata mwaka 1581.

Somo lenyewe lilikuwa la kuchosha, na sioni haja ya kulipamba. Mwalimu aliisoma sehemu fupi, akaifasiri, akaichambua neno kwa neno. Wanafunzi wakairudia, wakaihifadhi, wakainakili misemo katika madaftari yao chini ya vichwa vya habari, salamu mahali pake, matusi mahali pake, shukrani mahali pake. Asubuhi yake wakasailiwa, na mwisho wa juma wakasailiwa tena, na fimbo haikuwa mbali. Katika shule nyingi ilikuwa marufuku kusema Kiingereza hata uwanjani, na mtoto aliyekosea alishtakiwa na mwenziwe aliyewekwa kusikiliza. Wasomaji wa Afrika Mashariki waliosoma zamani za ukoloni, waliovalishwa kibao shingoni kwa kunena lugha ya mama zao, wataitambua desturi hiyo mara moja. Waingereza hawakuibuni kwa ajili yetu, walitufanyia waliyofanyiwa babu zao.

Mwaka 1598, huko Cambridge, Richard Bernard alitoa tamthilia zote sita kwa Kilatini na Kiingereza pamoja, na baada ya kila onyesho akaweka orodha ya misemo ya kuhifadhiwa. Miaka hiyohiyo palikuwa London na mtungaji aliyekwisha kupita katika shule ya aina hiyo katika mji mdogo wa Stratford. Katika The Taming of the Shrew, Shakespeare amemtia mtumishi Tranio maneno ya Kilatini ya kumwambia bwana wake aliyenaswa na mapenzi kwamba ajikomboe kwa bei ndogo iwezekanavyo. Maneno hayo asili yake ni ya Eunuchus, na huko pia ni mtumwa anayemnasihi bwana wake aliyenaswa. Ila Samuel Johnson, alipotoa Shakespeare yake mwaka 1765, alionyesha kwamba Shakespeare hakuyanukuu kama Terentius alivyoyaandika, bali kama yalivyofupishwa katika kitabu cha sarufi cha William Lily kilichosomeshwa katika kila shule ya Uingereza. Akaonya yasichukuliwe kuwa hoja ya wingi wa elimu ya Shakespeare. Johnson alikuwa na haki. Lakini aliyeliokota neno katika orodha ya sarufi, akajua kulirudisha katika kinywa cha mtumishi mjanja mbele ya bwana mjinga wa mapenzi, alikuwa amefahamu jambo ambalo orodha haikumwambia.

Huko kwingine Ulaya mashaka ya Augustine yalipewa nguvu ya sheria. Kanuni za masomo za Wajesuti za mwaka 1599 zilimtaja Terentius kwa jina kuwa mfano wa vitabu ambavyo, visipoweza kutakaswa, ni bora visisomwe kabisa. Wapinzani wao wa Port-Royal karibu na Paris, ambao hawakupatana nao katika mengi, hapa walikaribiana nao: mwaka 1647 Le Maistre de Sacy alitoa tamthilia tatu kwa Kifaransa, amezisafisha kwa kubadili machache, ili mtoto apate Kilatini bila ya aibu. Luther, miaka mingi kabla yao, alikuwa na shauri jingine, kwamba watoto wasizuiliwe kuzicheza tamthilia hizo, kwa sababu zawazoeza Kilatini, na kwa sababu kila mtu ndani yake, mzee na kijana, bwana na mtumwa, huonyesha yampasayo.

Waliolifuata shauri kama hilo kwa muda mrefu kuliko wote ni watu wa shule ya Westminster mjini London. Kanuni za Malkia Elizabeth wa Kwanza za mwaka 1560 ziliwaamuru wacheze tamthilia ya Kilatini kila msimu wa Krismasi, na desturi hiyo, pamoja na miaka iliyokatizwa kwa misiba na mengineyo, ilidumu hata mwaka 1938. Vijana walicheza katika bweni lao, mbele ya maaskofu na mawaziri waliokuwa wamepita humohumo, na mwishoni wakasema beti za Kilatini za kuzidhihaki habari za mwaka ule. Mtu ambaye amelazimika kukumbuka neno kwa sababu mwenziwe amesimama jukwaani akilingojea, na watu mia wakitazama, halisahau upesi.

Haifai kuyaacha mambo ya Terentius bila ya kumtaja msomaji wake mmoja aliyemwelewa kwa njia ambayo Eton na Westminster hazikuweza. Phillis Wheatley alichukuliwa kutoka Afrika Magharibi akiwa mtoto, akauzwa Boston, akasoma Kiingereza na Kilatini katika nyumba ya waliomnunua. Na mashairi yake yalipopigwa chapa London mwaka 1773, katika shairi la kwanza alimtaja Terentius, akaweka maelezo mafupi chini ya ukurasa kumkumbusha msomaji kwamba huyo alikuwa Mwafrika kwa kuzaliwa. Nao waungwana wa Boston walikuwa wamekwisha kutia sahihi hati ya kuthibitisha kwamba mashairi ni yake kweli. Tuhuma ya mahasidi wa Roma ilikuwa haijafa.

Katika karne ya 19 Terentius alianza kusogezwa kando. Caesar na Cicero walionekana kufaa zaidi kwa vijana watakaotawala, na mahali pa tamthilia ya zamani yenye maneno magumu pakachukuliwa na Shakespeare, ambaye miaka mia mbili na zaidi ilikuwa imekwisha kumfanya naye ahitaji mufasiri. Mwaka 1807 Charles na Mary Lamb walikuwa wamemfanyia yale Port-Royal waliyomfanyia Terentius: walizitoa hadithi zake kwa ajili ya watoto, wakayaacha mengi yasiyofaa na mengi yasiyofahamika. Mwaka 1858 mitihani ya Oxford na Cambridge ya shule za mikoani ilipoanzishwa, pakawa na soko kubwa la vitabu vya tamthilia vyenye maelezo mengi kuliko tamthilia yenyewe, na kwa njia ya mtihani wa Cambridge vitabu hivyo vikavuka bahari, vikafika Tabora na Kikuyu na Makerere. Hadithi za akina Lamb zilikuwa zimetangulia, kwa kuwa wamisionari wa Unguja walikwisha kuzitia baadhi yake katika Kiswahili. Wala desturi ya sherehe haikuwa ngeni huku pwani, mahali ambapo Hamziya ya al-Busiri ilikuwa imefasiriwa na Sayyid Aidarus kwa Kiswahili, ubeti chini ya ubeti, muda mrefu kabla ya matbaa ya wamisionari.

Julius Nyerere, aliyesoma Tabora, Makerere na Edinburgh, aliitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa mashairi yasiyo na vina mwaka 1963, akaisahihisha tafsiri hiyo na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, pamoja na Mabepari wa Venisi mwaka huohuo, S. S. Mushi naye akaleta Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Basi kwa mara ya kwanza mwalimu aliyezoea kufafanua Kiingereza cha Brutus alijikuta akimfafanulia mwanafunzi wa Kiswahili maneno ya Kiswahili, maana mtafsiri hakuogopa kuchota katika hazina ya washairi. Na mitihani yetu ikarithi swali la zamani. Likiulizwa kwa njia ya Arusianus, mwanafunzi hutakiwa kueleza maana ya maneno kumi aliyopewa kwa safu, naye huweza kupata alama zote kwa kuhifadhi kurasa za nyuma ya kitabu. Lakini watungaji wengi wa mitihani ya Kiswahili huongeza maneno mawili mwishoni mwa swali, wakitaka yaelezwe "kama yalivyotumika", na hapo mwanafunzi hana budi kurudi kumtafuta aliyeyasema, na aliyeambiwa, na kama alikuwa akicheka.